Mtu wa Kwanza wa Jina Letu

Ijumaa, 1 Agosti 1958

Nimefika Gillfoot, nyumbani kwa Babu Ambrose. Begi moja, viatu vya mvua, daftari hili. Mama aliniaga mlangoni akisema, "Nobbut wiki mbili, Averil, usinivimbishie mashavu." Nobbut! Neno lililomfanya mwalimu wetu wa Kiingereza ashike kichwa miaka minne mizima. Msiseme nobbut, alikuwa akituambia, semeni "tu", semeni "peke yake", semeni kama watu waliosoma. Lakini huku milimani nani anasema vingine? Haya. Wiki mbili tu.

Kazi yangu ni kuwa macho ya Babu Ambrose. Ni ami yake Baba, alikuwa mwalimu mkuu, ana miaka themanini na moja. Macho yake yamefunga ukungu. Anajua dirisha liko upande gani, basi. Anaandika kitabu cha historia ya jina letu, Nobmaine, na amekuwa akikiandika tangu sijazaliwa. Amebakiza kitu kimoja: mtu wa kwanza. Yule wa kwanza kabisa kuitwa Nobmaine katika bonde hili. Kasisi amemwazima rejista za kanisa, vitabu vitano vizito vinavyonuka panya, na mimi nimsomee kwa sauti.

Kwa sauti — mimi! Shuleni jina langu likiitwa nilikuwa nainua mkono badala ya kuitikia.

Jumatatu, 4 Agosti

Sikukuu. Bonde zima limekwenda kwenye mashindano ya kondoo. Sisi tumesoma mwaka 1703.

Saa tatu hadi saa sita, kisha saa nane hadi saa kumi na moja. Nikikwama kwenye neno anagonga meza kwa pete yake. Nakwama sana. Herufi B ndiyo adui yangu, na kila mstari wa rejista ya ubatizo unaanza na "Alibatizwa"! "Sauti, msichana," anasema. "Hawa wamekufa miaka mia mbili, hawasikii vizuri."

Lakini leo ni siku ya siku. Baba alipita na trekta akaniletea barua. Nimekubaliwa Leeds! Chumba cha michoro, kiwanda cha injini za reli. Nitakuwa nanakili michoro ya injini kwa wino, mistari myembamba, mezani peke yangu, bila kuzungumza na mtu. Walisema mkono wangu umetulia. Nitakaa kwa Mama Mdogo Nora. Naanza tarehe 8 Septemba. Jibu liwe limewafikia Jumamosi tarehe 30 Agosti, limetiwa sahihi na mzazi.

Nikamwomba Baba atie sahihi pale pale, juu ya tairi la trekta. Akakuna shingo. Akasema kwanza tumsikie Ami. Ami alimlea, wazazi wake walipokufa kwa homa, na Baba hawezi hata kununua kofia bila kufikiria Ami atasemaje.

Babu akasikiliza, kisha akasema: "Tukimpata mtu wa kwanza, kitabu kimekwisha, naye aende zake. Nimesema mbele yako, Wilf."

Baba akaitia barua mfukoni mwa koti lake. Ameondoka nayo.

Ijumaa, 8 Agosti

1714. Mvua. Nimemuuliza Babu kwa nini tusianzie 1735. Tunajua kwamba Thomas Nobmaine, wa zamani kuliko wote tunaowajua, alioa 1764, imeandikwa, mwenyewe ameiweka sura ya tatu. Basi ubatizo wake utakuwa miaka ishirini na kitu kabla ya hapo, si zaidi! Nilikuwa nimelifanyia mazoezi swali hilo tangu chai ya asubuhi.

Pete. Pete. "Huwezi kuruka watu, msichana. Nao walikuwa na majina."

Kwa hiyo nawasoma wote. Akina Alderson, akina Raine, akina Coates, mapacha waliokufa, ajuza asiyejulikana aliyekutwa kwenye theluji.

Bi. Alderson, anayempikia Babu, alinieleza mengine nikimenya viazi. Eti Nobmaine ni jina la Kifaransa. Noble Main, yaani mkono wa kiungwana. Eti mtu wa kwanza alikuja na Wanormani mwaka 1066, juu ya farasi, akapewa bonde hili kwa ushujaa wake. Babu alihubiri hivyo katika ukumbi wa kijiji kabla ya vita, na tangu hapo watu wakimpisha njiani wanamwita Mfaransa.

"Mkono wa kiungwana," alisema Bi. Alderson, akiutazama wangu uliojaa maganda. "Basi na hivyo vitunguu umalizie, mama malkia."

Nilicheka hadi nikaona haya.

Ijumaa, 15 Agosti

Wiki mbili zimetimia. Nilifunga begi nikalikalia.

Hakuna aliyekuja. Jua limetoka, na jua likitoka watu wote wako shambani wakikusanya majani makavu ya mifugo, Baba, Mama, mpaka kasisi. Saa nne Babu akaita, "Msichana! 1729!" Nikafungua begi nikatoa kandambili zangu.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani. Wasichana tuliomaliza shule pamoja walikuwa nje ya lango. Thirza anakwenda kwenye duka la kofia, Jean anaolewa. Wakaniuliza, wewe je? Nikasema Leeds. Kisha nikasema, labda. Thirza akasema labda iko umbali gani kwa basi? Wote wakacheka, hata mimi, nikarudi Gillfoot nyuma ya Babu kama mwavuli wake.

Siku kumi na tatu mpaka tarehe 30.

Jumanne, 19 Agosti

Nimempata!!

Andika taratibu, Averil. Andika sawasawa.

Ilikuwa baada ya chakula, Babu amesinzia kitini. Nikawa nasoma mbele kimya kimya, kwa sababu kimya sikwami. Mei 1741. Kasisi msaidizi wa mwaka huo alikuwa mgeni kutoka kusini, Kent. Ameandika hivyo mwenyewe ukurasa wa kwanza, kwa majivuno, na mwandiko wake ni wa mikunjo mikunjo. Mstari wake ulisema hivi:

"Alibatizwa Thomas, mwana wa Hannah, mtumishi hapa Gillfoot, umri miaka kumi na sita, na wa Nobut Myne."

Nikafikiri, Nobut Myne ni nani? Mbona hana kazi, hana shamba? Kila baba humu ndani ana shamba lake au kazi yake. Nikalisema kwa midomo tu. Nobut Myne. Nobut myne. Kisha nikalisema kama anavyosema Mama.

Nobbut mine.

Wangu tu!

Aliulizwa na yule kasisi, mtoto huyu ni wa nani? Na Hannah, mwenye miaka yangu, amesimama na mtoto mbele ya kanisa zima, akamjibu: wangu tu. Na yule mtu wa Kent, hajui neno letu, akachovya kalamu akaandika jina la baba. Bwana Nobut Myne! Mtoto akakua akaitwa hivyo. Akaoa akiitwa hivyo. Myne ikawa Maine, Nobut ikawa Nob. Hakuna farasi. Hakuna Mfaransa. Ukoo mzima umetokana na mwanamume ambaye hakuwapo.

Nilitaka kupiga kelele. Nilishika mdomo kwa mikono miwili. Sijui kama nilikuwa nacheka. Alisimama hapo hapo kijijini, labda na njia aliyopita kurudi ndiyo hii ya nyuma ya jiko, na hakuinamisha uso. Mimi ningeinua mkono tu.

Babu akaamka. "Tuko wapi?"

Nikasema ukurasa umelowa, Babu, hausomeki, ngoja ukauke.

Jumatano, 20 Agosti

Nimesoma rejista ya maziko siku nzima. Ukurasa "bado unakauka".

Nafikiri hivi. Nikimsomea kilichoandikwa, kitabu chake kimekufa. Sura kumi na moja. Miaka ishirini ya mkono wa kiungwana. Ataanza upya, na kuanza upya kunahitaji macho, na macho ni mimi. Au ataugua. Baba atasema, Averil, umemfanya nini Ami?

Lakini nikimsomea kitu kingine? Haoni. Nikimpa mtu wa kwanza mzuri, muungwana, mwenye shamba, basi kitabu kimekwisha. Ahadi ni ahadi, aliisema mbele ya Baba. Barua itatiwa sahihi.

Lakini nitamfuta Hannah. Itachapishwa. Hakuna mtu mwingine katika dunia hii anayejua alisema nini, ni mimi peke yangu. Na mimi ndiye nimfute.

Sijala keki ya tufaha. Bi. Alderson ameweka kipande changu cha jibini, cha kulia keki hiyo, kwenye sahani ya paka, makusudi, nione.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimefanya.

Saa tatu na nusu nikasema ukurasa umekauka. Nikasoma: "Alibatizwa Thomas, mwana wa Robert Noblemaine, muungwana, wa Gillfoot." Sauti ilitoka kama maji ya bomba. Nilikuwa nimelikariri tangu alfajiri.

Babu hakugonga. Alikaa akielekeza uso dirishani muda mrefu mpaka nikafikiri amepatwa na jambo. Kisha akaniambia niandike, na nikaandika kwa mkono wangu, huu uliotulia, Robert Noblemaine, muungwana.

"Vizuri," akasema.

Nikasubiri aseme lile lingine. Nikasubiri. Nikamsaidia: "Basi ki-ki-kitabu kimekwisha, Babu?"

"Kimekwisha? Muungwana ana wosia, msichana. Wosia una mashahidi. Robert ana baba, na huyo naye ana baba. Tutaomba makaratasi ya York. Itachukua majira ya baridi, pengine na masika."

Nilijitengenezea mtu mwenyewe, nikamvika nguo nzuri, na sasa nitatumwa kumtafutia babu yake!

Jumapili, 24 Agosti

Baba amekuja baada ya kanisa, kofia mkononi. Barua ilikuwa mfukoni, niliona ncha yake. Mama alimpa na keki ya tangawizi iliyofungwa kitambaa, na ndani yake kikaratasi: *Mwambie mwenyewe, Averil. Usimwachie baba yako.*

Tulikaa sebuleni watatu. Baba akasema majani yamekauka vizuri. Babu akasema vizuri. Baba akasema, sasa Ami, kuhusu habari ya huyu mtoto.

"Tumepata mwanzo wa uzi," Babu akasema. "Huwezi kuuachia sasa. Bado kidogo, Wilf."

"Wewe ndiye unayejua, Ami."

Baba ana miaka arobaini na nne. Anambeba kondoo dume mabegani. "Wewe ndiye unayejua, Ami."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nilianza na B, "Babu", na B ikakaa pale pale kwenye midomo kama mlango uliovimba kwa mvua. Wote wawili walinisubiri kwa upole. Huo upole ndio ulionimaliza. Nikasema, "Niongeze chai?"

Getini Baba alinishika bega. Atapita Alhamisi na trekta, akielekea shamba la juu. Barua anayo. Posta ya mwisho ya kuwahi ni Ijumaa. "Kama mtakuwa mmemaliza, nitatia sahihi papo hapo. Akisema mwenyewe kwamba mmemaliza. Siwezi kumpita, Averil. Unanielewa?"

Namwelewa. Ndilo tatizo.

Jumatatu, 25 Agosti

Nilikuwa nakausha vyombo nikamuuliza Bi. Alderson, nani alikuwa anamsomea kabla yangu?

"Muriel, binti wa binamu yako wa Hawes. Kabla yake kasisi yule mwembamba. Kabla yake mke wa posta, yaani wa yule mwenye posta, maskini, mwenye kikohozi."

Muriel alikaa muda gani?

"Alikuja kwa wiki mbili," alisema Bi. Alderson. "Akaondoka na miwani."

Nilicheka, yeye hakucheka. Akapangusa meza mahali ambapo palikuwa safi. Akasema, "Rejista hizo hizo, mwanangu. Mpaka mwisho, halafu tena tangu mwanzo. Mimi namkaangia mayai, sijui mambo ya vitabu. Lakini nimemsikia yule ajuza akikutwa kwenye theluji si chini ya mara tatu."

Jumatano, 27 Agosti

Kama Muriel alisoma yote, alisoma na Mei 1741.

Na yule kasisi. Na mke wa posta.

Kesho.

Alhamisi, 28 Agosti

Naandika chooni, nyuma ya banda la makaa. Ni mahali pekee ninapoweza kufunga mlango. Ni saa nne na robo asubuhi.

Saa tatu tulikaa kama kawaida. Babu akasema, soma ulipoishia. Nikasema hapana. Nikasema nataka kurudi nyuma, Mei 1741, nilikosea. Koti langu nilikuwa nimelileta kabisa, nikaliweka kwenye kiti karibu naye, ili nijione kama mtu anayeondoka.

Nikaanza. B ya kwanza ilinichukua sijui dakika ngapi. Alib, alib, alib. Hakugonga. Mara ya kwanza tangu nifike hakugonga. Alibatizwa Thomas. Mwana wa Hannah. Mtumishi hapa Gillfoot. Umri miaka kumi na sita, na wa. Na wa. Na wa N, N, N—

"Nobbut mine," akasema Babu.

Si kama ilivyoandikwa. Kama sisi tunavyosema. Kama Mama.

Nikainua kichwa. Alikuwa ameelekeza uso dirishani. Akaendelea taratibu: "Wino umemwagika kidogo baada ya Hannah. Doa kama mbegu ya tufaha. Bado liko?"

Lipo.

"Ile ya uongo uliisoma vizuri sana," akasema. "Hukukwama hata mara moja. Nilijua kabla hujafika kwa Robert."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nikamuuliza tangu lini anajua. Akasema, tangu ana macho. Alikuwa na miaka sitini, alikwenda mwenyewe kanisani na taa, wiki moja baada ya kuhubiri ukumbini habari za Wafaransa. Alirudi akaketi kwenye kiti hiki hiki. Siku iliyofuata mke wa posta akabisha hodi kuuliza kama bado anahitaji mtu wa kumsaidia kuandika. Akasema ndiyo.

Ni hayo tu aliyosema. Hakulia wala nini. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, na nilimkasirikia kwa hilo.

Nikasema, basi tumempata. Mtu wa kwanza ni yeye, Hannah. Kitabu kimekwisha, Babu. Niliyasema yote haya bila kukwama, sijui vipi, nikasimama.

Kiganja chake kilikuwa juu ya ukurasa. Akakiinua kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake.

"Haya," akasema. "Geuza ukurasa."

Sikugeuza. Nikasema naomba kwenda msalani. Nimemaliza shule, nina kazi Leeds, na hilo ndilo nililoweza kusema!

Trekta. Nimeisikia ikipanda, imezimika getini. Baba anaongea na Bi. Alderson. Sasa Bi. Alderson amekuja mpaka hapa mlangoni, naona viatu vyake chini ya ubao.

"Averil. Baba yako yuko hapo na kalamu. Anauliza mmemaliza? Anasema anataka kumsikia mzee mwenyewe. Nimwambie nini, mwanangu?"

Nimesema ngoja kidogo.

Dirisha la Babu liko wazi, ni hatua kumi kutoka hapa. Anasoma. Peke yake, bila kitabu, Juni 1741. Alibatizwa Margaret, binti wa John Raine, mfumaji. Alibatizwa James, mwana wa Simon Coates, wa Skelgarth. Nimeshausoma ukurasa huo, hajakosea hata neno. Baada ya kila jina anatulia kidogo, kiasi cha mtu kusema ndiyo, au kugonga meza, kisha anaendelea na linalofuata.

Koti langu liko kwenye kile kiti, karibu na goti lake.

"Averil?" anasema Bi. Alderson.

Ametulia tena. Mara hii ni muda mrefu, jina limempotea. Baba naye atakuwa anamsikia kutoka getini, maana ameacha kuongea. Babu, Baba na mimi, sote watatu tunasubiri jina linalofuata, nami ndiye pekee ninayelijua.